Pyranini, bilaya bapa, mitokondria au kompyuta: upime vipi asidi mafuta zinavyopitisha protoni?

Kama mada yako ni asidi mafuta na protoni (H⁺) kwenye utando wa lipidi, muda si mrefu utakwama pale pale wanapokwama wengi: nipime kwa njia gani? Ukisoma machapisho unakuta huyu kafungia rangi ya pyranini ndani ya liposomu (kifuko kidogo cha lipidi), yule katandaza utando kwenye kitundu (ndo bilaya bapa, utando wa tabaka mbili za lipidi) anapima mkondo wa umeme, mwingine kachukua mitokondria za ini la panya anaangalia oksijeni inavyoisha, alafu wote wanaandika kwamba wamepima usafirishaji wa protoni. Na majibu yao hayafanani, wakati mwingine yanapishana kabisa.

Hii nimewaandikia wanafunzi na walimu wa huku kwetu, wa Nelson Mandela pale Tengeru, wa KCMC Moshi, na yeyote anayetaka kuielewa mada hii vizuri. Nimeiweka kwa mazingira yetu maana baridi ya Julai, mwinuko, umeme na mzigo unaosubiriwa wiki kadhaa vyote vinaingia kwenye uamuzi, na miongozo ya maabara za Ulaya haikwambii hayo.

Kwanza uelewe mzunguko wenyewe

Asidi mafuta ina kichwa cha kaboksili na mkia mrefu wa kaboni. Ikiwa majini kichwa kinaachia protoni kirahisi, pKa yake (pH ambayo nusu ya molekuli zimeachia protoni) iko karibu 4.8. Ikishazama kwenye utando mambo yanabadilika, pKa inapanda mpaka kama 7.5, kwa hiyo kwenye pH 7.4 karibu nusu ya molekuli zimeshika protoni na hazina chaji, nusu nyingine zimeachia na zina chaji hasi. Ile isiyo na chaji inapinduka kutoka upande mmoja wa utando kwenda wa pili kwa haraka, ikifika inaachia protoni yake. Sasa imebaki na chaji hasi, na kiini cha utando ni mafuta matupu, unene wake kama nanomita 3, chaji haipiti humo kirahisi. Ni kama mpagazi aliyepanda na mzigo bila shida mpaka kambini, akautua, alafu kushuka mikono mitupu ndo kukamshinda mpaka mtu amshike mkono.

Wa kumshika mkono kwenye seli ni protini. Kwenye mafuta ya kahawia, yale yanayotoa joto mwilini, ni UCP1, kwenye tishu nyingine kibebaji cha ADP na ATP (molekuli za nishati ya seli) kinafanya kazi hiyo. Wazo la mzunguko huu kwenye mitokondria alilitoa Vladimir Skulachev mwaka 1991, kwamba asidi mafuta inaingia yenyewe na protoni, protini inairudisha bila protoni, na joto linatoka hapo. Mwaka 2012 Fedorenko, Lishko na Kirichok walipima UCP1 moja kwa moja kwenye utando wa ndani wa mitokondria wakaonyesha kwamba asidi mafuta ndefu inabaki imeshikwa na protini kwa mkia wake, kichwa tu ndo kinahama na protoni. Kwa hiyo hata kwenye hilo la kurudi bado kuna mjadala wa jinsi inavyotokea.

Ukishika hili umeshika nusu ya kazi: kwenda ni haraka na hakusafirishi chaji yoyote, kurudi ni polepole na kunasafirisha chaji. Kifaa kinachosikia pH kitakuonyesha kwenda. Kifaa kinachosikia umeme kitakuonyesha kurudi. Mtu anayesema "asidi mafuta zinapitisha protoni kwa kasi ajabu" na mwenzake anayesema "mbona mkondo ni mdogo hivi" wanaweza kuwa sahihi wote wawili, kila mmoja kashika upande wake wa mzunguko.

Vigezo nilivyotumia

Nimeziuliza njia zote maswali yale yale. Unaona nini hasa kwenye mzunguko. Unahitaji vifaa gani, na umeme ukikatika katikati unapoteza nini. Kitu gani kinaweza kukudanganya. Na inamfaa nani. Muda wa kujifunza nimeuchanganya humo humo maana unategemea sana kama kuna mtu karibu wa kukuelekeza. Bei sijaweka, zinabadilika mno na usafiri unaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe.

Liposomu zenye pyranini ndani

Unaona nini: pH ya ndani ya kifuko ikishuka. Pyranini ni rangi inayong'aa, ina vikundi vitatu vya salfoneti vyenye chaji hasi kwa hiyo ukiifungia ndani ya liposomu haitoki ovyo. pKa yake ni kama 7.2, yani inasikia vizuri kabisa pale pale tunapopataka. Unaimulika kwenye nanomita 450 na 405 kwa kupokezana, unasoma mwanga karibu na 510, uwiano wa hizo mbili unakupa pH. Kamp na Hamilton ndo walioifanya njia hii iwe maarufu kwenye mada yetu mwaka 1992, walipoonyesha kwamba ukiongeza asidi mafuta nje ya vifuko pH ya ndani inashuka ndani ya muda mfupi mno, na ukiongeza albumini ya kuzifyonza zile asidi mafuta pH inapanda kurudi. Hiyo ya pH kurudi ukiiona kwenye skrini yako mwenyewe unaelewa kitu ambacho kurasa kumi za nadharia hazikupi: mstari unashuka, unaongeza albumini, mstari unapanda.

Hapa ngoja nikae kidogo kwenye hesabu maana ndo inayoamua kama jaribio litafanikiwa. Chukua kifuko cha nanomita 100. Ukitoa unene wa utando, ujazo wa ndani ni kama lita 3.8 × 10⁻¹⁹. Kwenye pH 7 ukizidisha unapata protoni huru 0.02, yani kwenye vifuko 40 hivi ni kimoja tu chenye protoni huru moja kwa wakati wowote. Protoni zote zingine zimeshikwa na bafa, yani ule mchanganyiko unaozuia pH isiyumbe. Sasa kifuko hicho kina lipidi kama 80,000. Ukiongeza asidi ya oleiki asilimia 1 ya lipidi ni molekuli 800, nusu zinaenda upande wa ndani, na nusu ya hizo zinaachia protoni, kwa hiyo umeingiza protoni kama 200. Kama bafa yako ya ndani ni milimola 10, mle ndani kuna molekuli za bafa kama 2,300, na pH itashuka kwa kama 0.15, unaiona bila shida. Ila kama umeweka bafa ya milimola 100 kwa sababu ndo ilikuwa tayari kwenye chupa, zinakuwa 23,000 na mabadiliko yanazama kwenye kelele za mashine. Mtu atakaa wiki nzima anasema asidi mafuta hazifanyi kitu, kumbe bafa imemeza kila kitu. Piga hii hesabu kabla hujapima hata gramu moja.

Unahitaji nini: lipidi safi, fluorometa (mashine ya kupima mwanga wa rangi) yenye kushika joto, kifaa cha kukamulia vifuko kupitia karatasi ya matundu ya nanomita 100, na safu ya Sephadex ya kutenganisha pyranini iliyobaki nje. Umeme ukikatika katikati ya kipimo unapoteza kipimo hicho kimoja, vifuko vyenyewe vinabaki vizima kwenye friji ukivitumia ndani ya siku chache. Hii ni faida kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kinachokudanganya: kwanza kasi. Kama unachanganya kwa mkono kwenye kuveti (kichupa cha kupimia), sekunde zako za kwanza ni za pipeti na kijiti cha kukorogea, sio za asidi mafuta. Kuna mvutano wa miaka mingi hapo, kundi la Hamilton likisema kupinduka ni kwa milisekunde, Kleinfeld na wenzake wakisema kwenye vifuko vikubwa ni polepole zaidi ya hapo. Huwezi kuingia kwenye mvutano huo kwa kukoroga na mkono, inahitaji mashine ya kuchanganya kwa milisekunde. Bila hiyo ripoti ni kiasi gani pH imeshuka, mambo ya kasi yaache. Pili ni rangi iliyobaki nje, inasoma pH ya nje na kuchafua kila kitu. Tatu ni asidi mafuta kuzidi mpaka utando unaanza kuvuja kama umemwagiwa sabuni, hapo rangi yenyewe inatoka na wewe unadhani ni protoni. Weka jaribio la pembeni na kalseini, rangi nyingine ya kufungia ndani, kuhakikisha hakuna kinachovuja.

Inamfaa nani: mwanafunzi wa masta mwenye semista moja au mbili, mtu anayelinganisha asidi mafuta mbalimbali (loriki, palmitiki, oleiki, linoleiki), na mwalimu anayetaka wanafunzi wake waone kitu kwa macho.

Bilaya bapa na mkondo wa umeme

Unaona nini: chaji inayovuka, basi. Utando mmoja unautandaza kwenye kitundu kati ya vyumba viwili vya maji, unaweka elektrodi za fedha kila upande, unabana volteji na kusoma mkondo. Mbinu ya kupaka ilitoka 1962 kwa Mueller, Rudin, Tien na Wescott, ile ya kukunja tabaka mbili ikaja 1972 kwa Montal na Mueller. Kwenye mada yetu aliyechimba sana ni Gutknecht miaka ya 1980, alionyesha kwamba asidi mafuta ndefu zinaongeza upitishaji wa protoni kwenye bilaya, na albumini ikiondoa asidi mafuta upitishaji unashuka. Ilikuwa muhimu sana kwa wakati ule kwa sababu Nichols na Deamer walishaonyesha mwaka 1980 kwamba protoni inavuka lipidi tupu zaidi ya mara milioni kuliko sodiamu au potasiamu, na watu wakawa wanauliza kwa nini. Jibu moja ni nyuzi za maji zinazojipanga kwa muda mfupi ndani ya utando, jibu jingine ni kwamba lipidi nyingi zina masalia ya asidi mafuta na hayo ndo yanabeba. Mi naona yote mawili yana nafasi yake, ila jibu la pili lina somo kwa kila mtu wa maabara: usafi wa lipidi yako ni sehemu ya matokeo yako.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unaweza kuthibitisha nani anapita. Weka pH tofauti kwa yuniti moja kati ya vyumba viwili, kama ni protoni peke yake inayopita basi mkondo utakuwa sifuri kwenye kama milivolti 59 kwa nyuzi joto 25. Ukipata 20 jua kuna ayoni nyingine imejichomeka. Liposomu haikupi jibu la wazi namna hiyo.

Unahitaji nini: amplifaya ya kusoma pikoampea, kizimba cha chuma cha kuzuia kelele za umeme, meza isiyotikisika. Hesabu ndogo: utando wa kipenyo cha milimita 1 wenye upitishaji wa 10⁻⁸ simensi kwa sentimita mraba ukiubana kwa milivolti 100 unakupa pikoampea 8 hivi. Lori likipita barabarani unaliona kwenye grafu. Jenereta ikiwashwa jengo la pili unaiona pia. Na umeme ukikatika, utando ule umeenda, unaanza upya. Ukichagua hii tafuta UPS nzuri na chumba cha chini mbali na barabara, hilo ni sharti.

Kinachokudanganya: utando ulionenepa kwa sababu ya dekani (kiyeyushi cha lipidi) iliyobaki, pima kapasitansi kila mara, ndo inayokuonyesha unene. Halafu kubwa kuliko yote, ukimya. Asidi mafuta inayoingia na protoni bila chaji haitoi mkondo hata kidogo, kwa hiyo unaweza kuwa na protoni zinavuka kwa wingi na amplifaya inakwambia hakuna kitu. Usiandike "hakuna usafirishaji", andika "hakuna usafirishaji wenye chaji".

Inamfaa nani: mwenye swali la protini. Ukitaka kujua UCP1 au kibebaji cha ADP na ATP kinairudishaje asidi mafuta, hapa ndo nyumbani kwake. Inamfaa pia mtu wa fizikia au uhandisi wa elektroniki anayependa kujenga kifaa mwenyewe, na mtu wa shahada ya uzamivu mwenye muda wa miezi ya kujifunza mkono. Kwa semista moja peke yako bila mtu wa kukuelekeza, utaumia.

Mitokondria na elektrodi ya oksijeni

Unaona nini: mzunguko mzima unavyozunguka, ila kwa mbali. Mitokondria zinasukuma protoni nje kwa kutumia oksijeni. Ukiziba njia ya ATP kwa oligomaisini, kupumua kunashuka mpaka kiwango cha kufidia protoni zinazovuja tu. Ongeza oleiki, kupumua kunapanda kwa sababu uvujaji umeongezeka. Ongeza kaboksiatraktilosidi ya kuziba kibebaji cha ADP na ATP, kupumua kunashuka tena kiasi, na kile kilichoshuka ndo sehemu ya kibebaji. Kwenye mafuta ya kahawia unatumia GDP kuziba UCP1. Ni mantiki safi ya kuziba mlango mmoja mmoja, na wanafunzi wa udaktari wanaielewa haraka kwa sababu inaongea lugha ya mwili.

Sasa jambo la huku kwetu. Elektrodi ya Clark, ile ya kupimia oksijeni, inapimwa kwanza kwenye maji yaliyojaa hewa, na jedwali la kwenye kitabu cha mashine linasema maji ya nyuzi 25 yana oksijeni kama mikromola 258. Hiyo ni ya usawa wa bahari! Arusha tuko kama mita 1,400 juu, mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji yaleyale yana karibu mikromola 217. Moshi mjini ni kama 232. Ukiingiza 258 ukiwa Arusha kila kasi ya kupumua utakayoripoti imezidi kwa kama asilimia 19, na mtu wa Dar akirudia jaribio lako hamtakubaliana. Tumia kipima mgandamizo, au angalau rekebisha kwa mwinuko, na uandike kwenye sehemu ya mbinu kwamba umefanya hivyo.

Unahitaji nini: panya weupe na kibali cha maadili ya utafiti wa wanyama (anza mapema, hiki kinaweza kuchukua muda kuliko jaribio), sentrifyuji ya baridi, barafu ya kutosha, elektrodi, na vizuizi nilivyovitaja. Mitokondria zikishatoka kwenye ini una masaa machache tu kwenye barafu. Umeme ukikatika wakati sentrifyuji inazunguka na baridi ikapotea, umepoteza siku na umepoteza mnyama, na hilo la mnyama ni zito, lifikirie kwa uzito wake. Kama hakuna jenereta inayojiwasha yenyewe, usianze.

Kinachokudanganya: asidi mafuta ni chakula cha mitokondria, zinaweza kuchomwa na kuongeza kupumua bila kuvujisha protoni hata moja. Ndo maana watu wanatumia suksineti kama chakula, pamoja na rotenoni ya kuzuia asidi mafuta zisichomwe. Kalsiamu pia, pamoja na asidi mafuta inafungua tundu kubwa kwenye utando na kila kitu kinamwagika, kwa hiyo EGTA ya kukamata kalsiamu isikosekane. Na kupumua peke yake hakutoshi, pima na volteji ya utando kwa rangi kama safranini. Kupumua kukipanda huku volteji inashuka, hapo una haki ya kusema uvujaji.

Inamfaa nani: watu wa tiba, fiziolojia, lishe, mwenye swali la joto la mwili, unene au kisukari. Na mwenye nyumba ya wanyama inayoendeshwa vizuri.

Kompyuta

Hii naipitia haraka. GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli, ni ya bure, CHARMM-GUI inakujengea utando wa lipidi 128 na asidi mafuta zako ndani bila wewe kuandika kodi nyingi. Unaona kitu ambacho hakuna kifaa kinakuonyesha, molekuli moja ya oleiki inavyopinda, kichwa kinavyoshuka, maji yanavyoingia nayo. Ila fahamu kwamba uigaji wa kawaida hauvunji wala kuunga bondi, kwa hiyo protoni haihami, wewe mwenyewe ndo unaamua mwanzoni ipi imeshika na ipi imeachia. Unapata nishati ya kuvuka kwa kila hali, protoni ikihama huioni. Umeme ukikatika unaendelea kutoka faili la mwisho lililohifadhiwa. Inamfaa asiye na maabara, au anayesubiri lipidi zifike na hataki kukaa bure, mradi ana kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiksi.

Yanayogusa njia zote

Joto. Lipidi ya DMPC inaganda na kuyeyuka kwenye nyuzi 24, na utando uliopo katikati ya kuganda na kuyeyuka unavujisha kuliko ukiwa upande wowote. Julai Arusha chumba kiko chini ya hapo, Februari Moshi mchana kiko juu, kwa hiyo matokeo yako yatafuata msimu. Tumia lipidi ya POPC, yenyewe inaganda kama nyuzi 2 chini ya sifuri, haikuletei habari hizo. Palmitiki inayeyuka kwenye nyuzi 63, asubuhi ya baridi itakuonyesha vipande vyeupe kwenye akiba yako wakati oleiki iko kimiminika kabisa.

Lesitini ya soya au ya kiini cha yai ambayo haijasafishwa ina asidi mafuta zake tayari. Kwa darasa sawa. Kwa utafiti hapana, maana kipimo chako cha "bila asidi mafuta" kitakuwa nazo.

Tumia chupa za glasi, asidi mafuta zinanata kwenye plastiki na unabaki na nusu ya ulichodhani unacho. Oleiki na linoleiki zihifadhi chini ya naitrojeni, linoleiki hasa inaharibika upesi. Na kila mara fanya kipimo cha ethanoli tupu, ile unayoyeyushia asidi mafuta, kwa kiasi kile kile.

Maji nayo. Huku kuzunguka Meru floraidi iko juu, watu wa Maji ya Chai meno yanaonyesha. Kwa bafa tumia maji yaliyoondolewa ayoni, hilo kila mtu analijua, ila kuna uhusiano mzuri hapa wa kumwambia mwanafunzi. Floraidi ikikutana na protoni inakuwa HF isiyo na chaji, inavuka utando, inaachia protoni upande wa pili. Ni mchezo ule ule wa asidi mafuta, ila pKa yake ni kama 3.2 kwa hiyo inahitaji mahali pa asidi. Mdomoni baada ya kula sukari pH inashuka, HF inaingia kwenye bakteria wa meno na kuongeza asidi ndani yao, hiyo ni mojawapo ya njia floraidi inazowadhoofisha. Mwanafunzi wa Ngurdoto au Usa River akisikia hivyo haisahau mada hii.

Sasa uchague vipi

Swali lako ni "je, asidi mafuta hii inaingiza protoni, na ile inaingiza zaidi?" Pyranini inakutosha, na ukiweka bafa ndogo na albumini ya kurudisha pH una tasnifu nzuri ya masta.

Swali lako ni "protini hii inairudishaje?" Nenda bilaya bapa kama una amplifaya na mtu wa kukufundisha. Kama huna, weka protini kwenye liposomu na utumie valinomaisini kuruhusu potasiamu ifidie chaji, utapata sehemu ya jibu kwa fluorometa ile ile. Fanya na kipimo cha valinomaisini kwenye liposomu zisizo na protini, maana asidi mafuta pamoja na valinomaisini tu zinaweza kukuonyesha kitu.

Swali lako linahusu mgonjwa, joto au lishe: mitokondria, na kama uko Moshi kwenye mazingira ya hospitali ya rufaa hiyo ndo njia ambayo wenzako watakuelewa unapowasilisha. Ila ongeza kipimo kidogo cha pyranini pembeni kuonyesha kwamba oleiki uliyotumia inaingia hata bila protini, wachambuzi wataliuliza tu.

Uko tayari una fluorometa lakini haina kushika joto, na ni kipindi cha baridi: zungushia kuveti maji ya nyuzi 25 kutoka beseni la maji moto, andika joto la kila kipimo, na usilinganishe vipimo vya asubuhi na vya saa nane mchana.

Huna chochote zaidi ya kompyuta: anza na uigaji wa oleiki mbili, moja imeshika protoni na nyingine imeachia, kwenye utando wa POPC. Linganisha nishati za kuvuka. Tofauti utakayoiona ndo ile tofauti ya kwenda na kurudi, na ukishaipata mwandikie mtu mwenye fluorometa umuombe afanye upande wa pili.

Na kama wewe na mwenzako mmegawana maabara mbili, mmoja Arusha mmoja Moshi, kubalianeni kabla ya kuanza: lipidi ya pakiti moja, chupa moja ya oleiki iliyogawanywa mara mbili chini ya naitrojeni, joto moja, na oksijeni iliyorekebishwa kwa mwinuko wa kila mji.